Kilo Zilizopungua za Ndagala Air

Sura ya Saba

Ndege ilikuwa juu ya meza ya Luteni Nibitanga, pua imeelekea dirishani kama inayosubiri ruhusa ya kurukia Kongo. Ilikuwa ya plastiki, nyeupe, ndefu kama kiganja cha mtu mzima, na bawa lake la kushoto lilishikiliwa na gundi na uvumilivu.

"Kidhibiti," alisema Luteni.

Inspekta Swedi wa polisi ya upelelezi alikuwa ameshuka kwenye lori la msafara dakika ishirini zilizopita, na vumbi la Kabezi bado lilikuwa masikioni mwake. Aliinyanyua ndege, akaigeuza, akairudisha mezani.

"Hii ni ya kuchezea watoto, Luteni."

"Ni rushwa. Tumeikuta nyumbani kwa yule Mukongomani, Lukeba. Angalia injini. Mbili! Na ile ndege aliyoipendelea kwenye hesabu zake iko na injini ngapi? Mbili!"

Swedi akaangalia. "Mimi naona moja."

"Ingine imevunjika. Zilikuwa mbili."

"Nani aliivunja?"

"Mutoto wake. Alikataa kuiachia wakati tunaikamata."

Kwenye kiti cha pembeni Madamu Anastasie alifumba macho, akajipepea kwa faili. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa ufundi wa Shirika la Ndege la Ziwa, enjenia wa kweli, mwenye miwani na hasira za mtu aliyesoma sana halafu akakalishwa juu ya magunia ya chumvi saa tatu nzima.

"Luteni," alisema bila kufumbua macho, "hizo ndege za plastiki wauzaji walitugawia sisi sote kama peremende. Mimi niko nayo. Mkurugenzi iko nayo. Mulinzi wa geti iko nazo mbili."

Luteni alifikiri. Ilionekana wazi kwamba anafikiri, kwa sababu kalamu yake ilisimama.

"Basi nyinyi wote munashukiwa," alisema, akaandika.

Kesi yenyewe, ukiiondolea kelele, ilikuwa hivi. Shirika la Ziwa, pale Bujumbura, lilikuwa limeamua kuzaa mtoto: kampuni ndogo ya bei nafuu, ya kuwapeleka wafanyabiashara Dubai na kuwarudisha bila kutua popote njiani. Ulikuwa mwaka 2002, vita vimeingia mwaka wa tisa, na kila kitu kilichovaliwa au kuimba kati ya Bujumbura na Nyanza-Lac, kuanzia vitenge hadi redio, kilikuwa kimepitia Dubai. Mtoto hajapata hata ndege, watu wa Rumonge walikuwa wameshampa jina: Ndagala Air. Walikuwa wameonyeshwa mchoro wa viti, wakasema ndagala, wale dagaa wa ziwani, ndani ya gunia wanakaa kwa heshima zaidi.

Kilichobaki ni kuchagua ndege. Mezani zilikuwa mbili. Moja kubwa, ya injini nne, inayobeba chochote utakachoipa lakini inakunywa mafuta kama waalikwa wa harusi wanavyokunywa Fanta. Nyingine ndogo, ya injini mbili, viti mia na themanini, mpya, haina njaa. Swali lililozitenganisha lilikuwa moja: abiria mmoja anarudi kutoka Dubai na kilo ngapi? Na kwa kuwa nusu ya wasafiri hao walikuwa watu wa pwani hii ya ziwa, shirika likamwajiri Lukeba, karani aliyekimbia kutoka Uvira, awapime hapa Rumonge kwa miezi mitatu, watu na mizigo yao. Hesabu za Lukeba zilisema mizigo ni myepesi, ndege ndogo inatosha. Mkataba ulikuwa usainiwe kesho, Ijumaa, saa nne asubuhi.

Halafu Jumatatu, wasafiri wanane wa Rumonge wakatua Bujumbura kwa ndege ya watu wengine. Wakapimwa uwanjani, wao na mizigo yao, mizigo ikafungwa kwa lakiri za forodha. Jumanne ikafika Rumonge, Lukeba akaipima ileile kabla lakiri hazijakatwa. Lakiri nzima, masanduku mazima, lakini kilo zilikuwa zimeshuka njiani kama abiria wanaoteremkia Magara. Madamu Anastasie akaenda polisi, akaomba mtu wa kuuliza maswali. Akapewa Swedi. Ila kabla Swedi hajauliza hata moja, Luteni alikuwa amesikia maneno matatu, "hesabu", "uongo" na "Mukongomani", na hayo yakamtosha.

"Nipe nafasi nizungumze naye," alisema Swedi.

"Robo saa. Saa nane anapanda lori la kwenda Bujumbura na wengine kumi. Wapelelezi wa waasi."

"Lukeba ni mpelelezi wa waasi sasa?"

"Mutu anayejua kilo za kila sanduku linaloingia inchi hii anajua pia pa kuficha bunduki." Luteni alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Hukufikiri hivyo, Inspekta. Ndiyo maana mimi niko jeshini."

Mlangoni, mke wa Lukeba, Elda, alikuwa amekaa chini na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Alimshika Swedi suruali.

"Papa, wale wa lori la mwezi uliopita, kuna hata mumoja alirudi?"

Swedi alimtazama askari wa zamu. Askari akatazama paa.

Hakuna aliyerudi. Rumonge nzima ilijua. Mwenye kitambulisho cha Burundi na ndugu wa kupiga kelele angeweza kupatikana baada ya miezi sita, amekonda. Lukeba hakuwa na kitambulisho wala ndugu. Alikuwa na Elda, mtoto mmoja, na injini moja ya plastiki.

Ndani ya kasho, chumba cha mahabusu, mlikuwa na joto la chungu. Lukeba alisimama, kijana mrefu mwenye shati lililofungwa vifungo vyote mpaka kooni, kama bado yuko kazini.

"Nani alikupa zile namba?" Swedi hakupoteza muda kwa salamu.

"Hakuna mutu alinipa, patro. Nilipima."

"Wewe mwenyewe? Kwa macho yako uliona mshale wa mizani?"

Lukeba alitikisa kichwa. "Mizani iko ya watu wa mawese, patro, pale bandani. Ni ile tu inabeba sanduku kubwa. Muzee Abdulhamid ndiye anasoma. Anaita, mi naandika. Meza yangu iko huku, mushale unaangalia kule."

"Miezi mitatu hukuinuka hata siku moja kwenda kuangalia?"

"Siku moja niliinuka." Lukeba alikuna shingo. "Akaniuliza kama ninamuona mwizi. Soko yote ikanizomea. Nikarudi kukaa."

"Wewe na Abdulhamid mna ugomvi?"

"Hapana. Ananiitaga Kivu, sababu ninatoka kule. 'Kivu, andika.' Basi."

Robo saa ilikuwa imekuwa dakika sita wakati askari alipogonga mlango. Swedi alipolalamika, askari alimweleza kwa upole kwamba saa yake inakimbia.

Nje, kibarazani, Madamu Anastasie alikuwa ametandaza karatasi mbili sakafuni na kuzikanyaga kwa viatu ili upepo wa ziwani usizichukue. Kulia namba za uwanja wa ndege, kushoto namba za Rumonge.

"Abdulhamid amenunuliwa," alisema Swedi. "Mtu wa injini mbili alikuja, akamwambia mzee, punguza."

"Na mimi nilifikiri hivyo. Ona hapa." Alionyesha kwa ncha ya kiatu. "Fahima, muuza vitenge. Yeye mwenyewe: uwanjani kilo tisini na nne, Rumonge kilo tisini na nne. Mizigo yake: uwanjani themanini, Rumonge sitini na moja. Huyu Uledi: mwili sabini na moja, huku na huku. Mizigo imeshuka kumi na moja. Bora, mwili sawasawa, mizigo imeshuka nne."

"Miili yote iko sawa?"

"Yote minane. Kilo kwa kilo."

Swedi alichuchumaa. Ndege haiulizi kama kilo ni ya mtu au ya sanduku. Mtu aliyelipwa kuwapunguza abiria angewapunguza wote, nyama na vitenge, kwa kuwa nyama ndiyo rahisi: nani angeenda kumpima Fahima mara ya pili?

"Kumi na tisa, kumi na moja, nne," alisema. "Kwa nini mmoja anyang'anywe kumi na tisa na mwingine nne?"

"Karatasi haisemi. Inaandika jumla tu."

"Basi twende kwa mwenye mizigo."

Duka la Fahima lilikuwa hatua mia mbili kutoka hapo. Hatua mia mbili hizo ziliwachukua nusu saa, kwa sababu kulikuwa na kizuizi cha askari wawili. Wa kwanza alitaka karatasi ya Swedi, wa pili alitaka karatasi ya kuonyesha kwamba wa kwanza ameiona karatasi ya Swedi. Madamu Anastasie alianza kusema Kifaransa peke yake. Saa sita na nusu ilikuwa imeshapita walipoingia dukani.

Fahima aliwaona, akaona miwani, akaona faili, akaweka mkasi chini.

"Tena kilo? Nyinyi watu wa ndege munataka kunioa ao kunichinja?"

"Amahoro, mama," alisema Swedi.

"Amahoro ya nini! Jumatatu mwanaume simjui ananisimamisha kwenye chuma, anapaza sauti, tisini na nne! Watu wote wa ndege ya Dubai wakageuka. Jumanne napandishwa tena hapa Rumonge, mbele ya wauza mawese, tisini na nne! Sasa hata watoto wa shule wananiita hivyo. 'Shikamoo mama Tisini na Nne.'"

"Leo hupimwi, mama. Nina swali moja tu. Jumanne ulikuwa na mizigo mingapi? Si kilo. Vitu."

"Ah." Fahima alishuka kidogo. "Masanduku mawili ya bati na mufuko mumoja wa mistari."

"Na Uledi?"

"Sanduku moja, mifuko miwili. Alinisumbua njia yote, nimubebee mumoja."

"Na Bora?"

"Bora hana sanduku, anaogopa kutu. Mifuko mine. Lakini kwani Lukeba amefanya nini? Kijana mwenyewe akisalimia mutu anaangalia chini. Munamupeleka wapi?"

Swedi alikuwa ameandika kwenye kiganja chake: masanduku mawili na mfuko mmoja, kumi na tisa. Sanduku moja na mifuko miwili, kumi na moja. Mifuko minne, nne. Alikuwa bado anasogeza midomo wakati Madamu Anastasie aliposema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga msumari:

"Mufuko ni kilo moja. Sanduku ni tisa."

"Eeh?"

"Mifuko mine, kilo ine. Sanduku na mifuko miwili, tisa na mbili, kumi na moja. Masanduku mawili na mufuko, kumi na tisa." Alivua miwani. "Miezi mitatu niko na karatasi hizi mezani. Mimi! Enjenia!"

Swedi aliingia nyuma ya duka bila kuomba ruhusa, akapata sanduku tupu la bati, akalinyanyua kwa mkono mmoja, akalishusha. Hakuhitaji mizani. Kilo tisa, kasoro kitu kidogo.

"Mwizi wa namba hahesabu masanduku," alisema. "Hajali. Huyu aliyepunguza alikuwa anaangalia kila kitu kinachopanda na kujua kimefungwa ndani ya nini."

"Niliwaambia ni wazimu," alisema Fahima, ingawa hakuwa amewaambia. "Mukimuona huyo anayepunguza, mumuulize kwa nini mimi hakunipunguzia."

Banda la mawese lilikuwa kando ya soko, sakafu nyekundu, hewa nzito ya mafuta mpaka shati linagandana na mgongo kabla hujasimama vizuri. Mizani ilikuwa katikati, ya chuma, kubwa kama kitanda. Mpimaji hakuwepo.

"Amekwenda kuswali adhuhuri," alisema mwanamke mwenye bidoni tatu, madumu ya plastiki yaliyojaa mawese.

"Atarudi saa ngapi?"

"Akimaliza."

"Anamaliza saa ngapi?"

"Akirudi."

Swedi, mtoto wa Buyenzi aliyeswalishwa na baba mkali, alijua kwamba hakuna polisi anayeingia msikitini kuharakisha rakaa. Walikaa juu ya mapipa. Saa saba. Saa saba na dakika kumi. Saa saba na robo Madamu Anastasie aliuliza kama dini hii haina sala fupi. Swedi akamwambia hiyo ndiyo ile fupi. Mzee sasa yuko kwenye mazungumzo ya baada yake.

Mzee Abdulhamid alifika saa saba na nusu, mdogo, mkavu, kofia nyeupe, koti la kazi lililokuwa buluu zamani za wafalme. Hakuwatazama. Wateja walikuwa wamesubiri, na foleni ni foleni. Mwanamke akaweka bidoni ya kwanza juu ya mizani.

Swedi akasogea mpaka nyuma ya bega la mzee. Mshale ukatetemeka, ukatulia kwenye kumi na tisa.

"Kumi na nane!" aliita Abdulhamid.

Mnunuzi, mita tatu pembeni, mgongo umegeukia mizani, akaandika kumi na nane. Bidoni ya pili: mshale kumi na nane. "Kumi na saba!" Mwanamke akaitikia kwa kichwa. Mnunuzi akaandika. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyebisha, na ya tatu ikapanda.

"Asalaam aleikum, Muzee," alisema Swedi. "Mshale umesema kumi na tisa."

"Waleikum salaam. Umesema."

"Wewe umeita kumi na nane."

Abdulhamid aligeuka, akamtazama kuanzia viatu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mwanangu, huyu mama anauza mawese. Hauzi bidoni. Bidoni tupu ni kilo moja. Nikiita kumi na tisa, yule bwana anakula plastiki?"

"Na pipa?"

"Pipa natoa kumi na nane. Kapu la mise za michikichi nalo natoa lake. Miaka ishirini na tisa niko hapa. Mwenye kuandika haangalii chuma, anasikiliza mimi. Akiangalia chuma anaharibu, sababu chuma inajua kila kitu isipokuwa haki."

"Na sanduku la bati la mtu wa Dubai?"

"Tisa. Ule mufuko wa mistari, moja. Nilipima matupu kwanza siku ya kwanza, mbele ya watu. Sikukisia."

Madamu Anastasie alitoa sauti ndogo, kama puto linalotoka upepo.

"Muzee," alisema Swedi polepole, "kwa nini hukumwambia Lukeba kwamba unatoa?"

"Nimwambie nini? Nimwambie na jua linatua Kongo? Ametoka huko, si analiona?"

"Kwao huenda hawapimi hivi!"

"Basi angeuliza."

"Aliinuka kuangalia, mkamzomea!"

Hapo mzee alisita. Ni kweli, alisema, walimzomea. Alifikiri kijana anamdhania mwizi.

"Ndege inabeba na sanduku, baba," Madamu Anastasie aliingilia, faili kifuani. "Haibebi vitenge peke yake. Sanduku nalo linapanda!"

"Ndege yenu inanunua mabati?"

"Hainunui, inabeba!"

"Basi hiyo ni shida ya ndege."

"Na watu?" Swedi aliuliza, japo alijua saa inavyokwenda, kwa kuwa swali lisiloulizwa ndilo lililowafikisha hapa. "Watu hukuwapunguzia hata nusu kilo."

"Mutu iko na chombo gani?" alisema Abdulhamid, akiwa ameanza kukereka kwelikweli. "Nitoe ngozi?"

Madamu Anastasie alikuwa ameshakaa kwenye pipa, anazidisha. Kwa wastani kilo kumi na mbili kwa kila abiria. Mara mia na themanini. Tani mbili na kilo mia na sitini, zote mabati na mifuko, hazimo kwenye karatasi hata moja. Ndege ndogo ikitoka Dubai kwenye lile joto na tani mbili ambazo haikuambiwa, ama iache masanduku, ama iache mafuta. Ikiacha mafuta haifiki. Inabidi itue njiani kujaza, na kila kutua kunataka gharama yake, na hapo bei nafuu inakufa siku ya kwanza. Zilikuwa zinaagizwa mbili. Kesho saa nne.

"Simu?" aliuliza.

"Mnara umelala tangu Jumapili," alisema mwenye bidoni.

"Kwa hiyo lazima nifike Bujumbura leo. Na lori liko moja tu."

"Saa nane," alisema Swedi. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na mbili. "Muzee, Lukeba amefungwa kwa ajili ya hizo kilo. Anapandishwa lori la jeshi sasa hivi. Nikiandika karatasi, utaweka sahihi?"

Uso wa Abdulhamid ulibadilika. Hakuwa amejua. Aliangalia mizani, akaangalia foleni, akavua kofia na kuivaa tena.

"Mimi sina kazi na karatasi," alisema. "Watu hapa wanaamini mudomo wangu. Nitakwenda nao."

Na mdomo ukaenda, lakini kwa miguu ya miaka sabini na mmoja. Kwenye kizuizi, askari wa kwanza aliomba karatasi. Swedi alimpa faili zima la Shirika la Ndege la Ziwa, kurasa mia mbili, wakapita wakati wa pili anatafuta ukurasa wa kwanza.

Lori lilikuwa linanguruma uwanjani. Watu kumi walikuwa wamekaa nyuma, mikono imefungwa, na wa kumi na moja, Lukeba, mguu mmoja juu ya tairi. Elda alikuwa ameushika mguu mwingine, na askari wawili walikuwa hawajui wamvute nani.

"Simamisha!" alipiga kelele Swedi. "Luteni, huyu hakughushi chochote. Mpimaji huyu hapa, msikilize."

Abdulhamid alihema kwanza. Kisha akaeleza. Alieleza bidoni, akaeleza pipa, akaeleza sanduku, kilo tisa, mfuko, kilo moja. Alipofika katikati Luteni alikuwa ameshaanza kupunga mkono.

"Kila mutu anajua bidoni inatolewa. Hata mke wangu anajua. Nani hajui bidoni inatolewa?"

"Huyo," Swedi alimwonyesha Lukeba. "Mmoja tu Rumonge nzima hakujua, na ndiye aliyeshika kalamu."

Luteni alimtazama Lukeba, akamtazama mzee. Alikanyaga jiwe, akalisogeza, akalirudisha. Kwa dakika moja alionekana mtu wa kawaida, aliyechoka, mwenye mke anayenunua mawese.

"Sawa. Hana hatia."

Elda akaachia mguu.

"Lakini anakwenda," alisema Luteni.

"Anakwenda wapi?"

"Bujumbura. Nimeshatuma redio asubuhi: wafungwa kumi na moja. Kizuizi cha Magara kimeandika kumi na moja. Kabezi wameandika kumi na moja. Wakikuta kumi watasema mumoja ametoroka, watamshusha dereva, watawashusha askari wangu, na mimi kesho niko kasho. Vizuizi vinahesabu vichwa, havisomi majina."

"Tuma redio nyingine!"

"Betri imekufa. Inachajiwa mpaka jioni."

"Basi lori lingoje jioni!"

"Na nani anapita Magara jioni, waasi wakiwa barabarani, Inspekta? Wewe?"

Siku nzima Swedi alikuwa amekuwa na jibu la kila mjinga, na sasa mjinga alikuwa na haki. Hakuna aliyepita Magara jioni. Alipiga ubavu wa lori kwa kiganja, na mkono ukamuuma bure.

Nyuma yake alisikia mtu anaguna. Mzee Abdulhamid alikuwa ameweka goti kwenye tairi. Mfungwa mmoja, mikono imefungwa, alimpa bega. Mzee akalishika, akajivuta, akaingia, akatafuta nafasi na kukunja koti lake kabla ya kukaa.

"Muzee, unafanya nini?" alisema Luteni.

"Kichwa si hiki? Mushushe kijana."

"Wewe hujafanya kosa!"

"Na yeye? Umesema mwenyewe hana."

Swedi alipanda tairini akawa uso kwa uso naye. "Shuka, Muzee. Hujui wanavyowafanya watu huko."

"Najua sana. Mimi si Kivu." Abdulhamid alishusha sauti. "Mimi nikipotea, mwanangu, kesho kutwa soko halipimi. Wauza mawese watakuja hapa kumuuliza huyu Luteni. Imamu atauliza. Muke wa Luteni mwenyewe atauliza, akikosa mafuta ya kupika. Nitarudishwa, pengine kwa matusi, lakini nitarudishwa. Yeye akipotea nani atauliza? Yule mama mumoja na bakuli?"

Dereva alipiga honi. Luteni alitazama saa, akatazama barabara ya kaskazini, akatikisa kichwa kwa askari, na askari akafungua kamba ya Lukeba.

Lukeba alishuka akasimama pale pale alipotua. Hakukimbia, hakulia. Elda alimshika mkono na kumvuta taratibu pembeni, kama mtu anayetoa ng'ombe barabarani, na yeye akawa anageuka kila hatua kumtazama mzee.

Madamu Anastasie alikuwa ameshaingia mbele kwa dereva, bila faili, na karatasi moja ya namba imekunjwa ndani ya blauzi.

"Inspekta, panda huku mbele," aliita Luteni. "Kuna nafasi. Ukifika uwaeleze, watamuachilia muzee haraka."

"Watamwachilia wakinisikia," alisema Swedi. "Na wakimtenga nami getini, nitamweleza nani?"

Akaruka, akaingia nyuma, akasukumana na mabega mpaka akapata pa kukaa kando ya koti la buluu. Mzee alisogea kidogo, akanung'unika kwamba polisi wa siku hizi wana viwiko.

"Inspekta! Toka huko!" Luteni alikuwa anakimbia kando ya lori, kofia mkononi. "Huko nyuma wanahesabiwa! Sasa muko kumi na wawili! Magara watasema nini? Kumi na wawili!"

Lakini dereva alikuwa ameshaweka gia.